Tangu mbwa aje, jiko la mkaa limehamia ndani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, fundi wa injini za mitumbwi hapa Mwanza. Kazi yangu iko Kirumba, upande wa Mwaloni, na nyumbani ni Buswelu. Nina mke na watoto wawili, wa kike ana miaka tisa na wa kiume mitatu. Ndoa yetu ina miaka kumi na moja. Sijawahi kuandika barua ya namna hii, ila nimefika mahali sina pa kuuliza.

Mwezi Machi wezi waliingia uani usiku wakaondoka na injini mbili za wateja, nilizokuwa nimezileta nyumbani nizimalizie. Moja nimeshailipa, ya pili bado naipunguza kidogo kidogo. Baada ya pale kila mtu akawa ananiambia nitafute mbwa. Kaka yangu wa Nyegezi ana German Shepherd jike aliyezaa, akasema atanipa mtoto mmoja kwa bei ya undugu, laki tatu. Sikuwa nayo. Mteja wangu mmoja akanielekeza kwenye kituo kidogo nje ya mji ambako wanaokota mbwa wa mitaani, wanawatibu, kisha wanawatoa kwa watu wenye nafasi ya kuwafuga. Jumamosi moja nikaenda na binti yangu.

Mbwa tuliyetoka naye ni jike. Walimkadiria miaka mitatu kwa kumtazama meno. Amechanganyika, na hakuna anayejua amechanganyika na nini. Mhudumu alisema kichwa kinaonyesha dalili za German Shepherd, lakini miguu na mkia ni vya mbwa wetu wa kawaida wa huku. Rangi yake ni ya mchanga, pua nyeusi, sikio la kushoto halina ncha. Wenzake walikuwa wanarukia wavu na kubweka. Huyu alikaa, akamtazama binti, halafu akaja polepole akalaza kidevu juu ya kiatu chake. Shangazi, mwanangu hakuusogeza ule mguu mpaka ukafa ganzi.

Tulipewa wiki nne za majaribio, na zinaisha Jumapili hii. Alikuwa ameshachanjwa, amepewa dawa ya minyoo na amefungwa kizazi, kadi yake ninayo. Binti amempa jina la Furu, kwa sababu nilishamsimulia jinsi tulivyokula furu, wale samaki wadogo, utotoni kabla sangara hajawapunguza ziwani. Usiku wa pili tu Furu alibweka mpaka taa za majirani zikawaka, na asubuhi tukakuta alama za viatu nyuma ya ukuta. Tangu hapo nalala.

Tatizo ni mke wangu. Nilimpigia simu tukiwa tayari njiani na mbwa. Alijibu neno moja, "Sawa." Hakugomba wala hakununa. Lakini siku ya tatu nilirudi nikakuta jiko la mkaa liko ndani, kwenye korido. Nguo akazihamishia kwenye viti vya sebuleni, haziendi tena kwenye kamba ya uani. Choo chetu kiko nje. Usiku ananiamsha nimsindikize, na mkononi ameshika mwiko wa ugali. Mara ya kwanza nilicheka, na sasa najuta.

Wiki iliyopita mdogo alimsogelea Furu wakati anakula, nilikuwa nimempa ugali na mapanki, mifupa ya sangara. Furu akanguruma akatoa meno. Hakumgusa mtoto. Mke wangu akamnyakua, akajifungia naye chumbani mpaka jioni.

Usiku ule ndipo aliponieleza jambo ambalo kwa miaka kumi na moja sikuwahi kuambiwa. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, kijijini kwao Sengerema. Akiwa na miaka sita, mbwa mpita njia alimng'ata mkononi. Wakamtibu kwa majani, kidonda kikafunga kabisa. Baada ya kama miezi miwili mtoto akaanza kulalamika kwamba pale panamuwasha, ikafuata homa, kisha akashindwa kumeza. Aliyempelekea maji kwenye kikombe cha bati ni mke wangu, naye alikuwa na miaka minane. Anasema mdogo wake alipokiona tu kile kikombe, koo lilianza kukazana. Hakumaliza wiki.

Kaka yangu anasema koko haaminiki, damu imechanganyika, huwezi kujua amerithi nini. Afadhali nikope nichukue wa kwake ambaye baba na mama wanajulikana. Rafiki yangu wa Mwaloni ananishauri nimvushe kwa kivuko nimwache Kamanga, kisha nimwambie binti kwamba ametoroka. Binti naye ana kopo la siagi anamowekea shilingi mia mia, anasema ni za chanjo ya Furu ya mwaka ujao.

Shangazi, nimrudishe au nibaki naye? Je, mbwa mchanganyiko wa mtaani anaaminika kweli penye watoto? Na mke wangu nitamzoeshaje?

Baba wa Wawili, Buswelu

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa injini za watu na deni lake. Na nifikishie pole kwa mkeo, hata kama imechelewa miaka mingi.

Kabla ya mbwa, kuna jambo ambalo halisubiri Jumapili. Toa lile jiko kwenye korido leo. Mkaa unaowaka mahali pasipopita hewa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala nayo asiamke. Ila usimwambie mkeo "rudi uani." Anayepaswa kuhama ni Furu. Mbao chache na kipande cha wavu vitakutosha kukata kona ya ua, yenye kivuli na maji, iliyo mbali na jiko, kamba ya nguo na njia ya choo. Wewe ni fundi, ni kazi ya jioni moja. Hata kama mbwa ataondoka Jumapili, siku hizi zilizobaki mama wa nyumba awe na uani wake.

Sasa nirudi kwenye barua. Nimeisoma mara tatu. Uliibiwa, ukataka ulinzi, ukapata mbwa kwa njia ya huruma, na mbwa mwenyewe kazi ameifanya. Binti amependa. Kisha ikajulikana kwamba ndani ya nyumba hiyo hiyo yupo mtu aliyemwona mdogo wake akifa kwa kichaa cha mbwa. Umebanwa kati ya ahadi kwa mtoto na hofu ya mke, na nyuma yako kuna kaka na rafiki, kila mmoja na lake.

Umeniuliza nitamzoeshaje mke wangu. Hilo neno nimeshindwa kulivuka. Furu ndiye wa kuzoeshwa. Mkeo ni wa kuulizwa, na kwa jinsi ulivyosimulia, hakuulizwa hata siku moja. Ile "Sawa" aliitoa wakati mbwa yuko njiani na mtoto ana furaha; angesema nini kingine? Wewe uliipokea kama ridhaa. Mimi nadhani ulikuwa mlango anaufunga taratibu ili asikuharibie siku. Huenda nimekosea, simjui. Unayemjua ni wewe.

Wahenga wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tafadhali usije ukamtupia mkeo methali hii, wala usimruhusu kaka yako amtupie. Unyasi hauui. Mbwa mwenye kichaa anaua, na mkeo analijua hilo kuliko mimi na wewe. Duniani ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wa Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa mbwa. Dalili zikishaanza, tiba hakuna. Kidonda kufunga hakumaanishi lolote, kwa sababu kirusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni, wiki kadhaa au miezi. Yote aliyokusimulia, kuwashwa, homa, koo kukazana mbele ya maji, ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo. Kwa hiyo usianze kwa kumshawishi kwamba anaogopa bure.

Upande wa pili wa habari hiyo ni kwamba ugonjwa huu unazuilika. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa akioshwa kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akawahishwa hospitali kwa sindano na kuzimaliza zote kwa tarehe zake, karibu kila mara hupona. Hata wewe na watoto inafaa mlijue hilo. Lakini mwanangu, mkeo utamwambiaje? Ukilitoa kama somo la afya, atakachosikia ni kwamba mdogo wake angepona kama wangekuwa na sabuni na nauli. Pengine analijua tayari. Pengine amelibeba tangu ana miaka minane. Lisubiri mpaka aulize mwenyewe.

Ile kadi nayo itazame tena, na safari hii mtazame pamoja. Mwanzoni inatosha kuona imeandikwa "amechanjwa", lakini mtu mwenye hofu anahitaji zaidi. Chanjo ya kichaa ilitolewa tarehe gani? Kuna kibandiko cha chupa, sahihi na muhuri wa daktari wa mifugo? Kisha ulizeni kituoni Furu alikaa pale muda gani kabla ya kuja kwenu, maana mbwa aliyetoka mtaani anaweza kuwa na ugonjwa unaojificha, na kila mwezi anaopita akiwa mzima unapunguza mashaka. Kama alikaa miezi mingi, hilo ni jambo la kumpunguzia mtu mzigo. Kama aliokotwa wiki moja kabla yenu, mashaka ya mkeo yana msingi, na ningependa uyachukulie hivyo. Mnaweza kwenda naye kwa daktari wa mifugo, mkeo aulize maswali yake yote, nawe usimjibie. Huenda akakataa kwenda. Akikataa, hilo nalo ni jibu, usilipite.

Nije kwa kaka yako na habari ya damu. Kujua baba na mama wa mbwa ni jambo jema, silibezi. Lakini je, ulimuuliza wazazi hao wana tabia gani mbele ya watoto, au unaambiwa tu ni German Shepherd? Kichaa hakichagui mbwa wa laki tatu na mbwa wa bure. Huku Serengeti, mashariki ya ziwa letu, mbwa wa vijijini wamechanjwa kwa wingi miaka mingi na watu wanaoumwa na mbwa wenye kichaa wakapungua. Hao waliochanjwa ni mbwa wa kienyeji na koko kama Furu. German Shepherd nao wana maradhi ya ukoo yanayojulikana, ya nyonga, na mbwa mwenye nyonga mbovu anakuwa mzigo mzito. Kitoto cha mbwa kinahitaji chanjo za kurudiarudia tangu wiki ya sita au ya nane hadi ya kumi na sita hivi, vinginevyo kinaweza kupata parvo, kikaharisha damu na kufa, na kirusi kikabaki kwenye udongo wa ua wako kwa miezi. Na injini zako hakitazilinda mwaka huu.

Lakini sitaki nimpigie Furu kampeni. Kitoto kina faida moja ambayo yeye hana: mkeo angekiona tangu kikiwa cha kushikwa kwa mkono mmoja, na hofu nyingine hulainika hivyo. Furu amekuja mtu mzima, na miaka mitatu ya maisha yake hakuna anayeijua. Yule mbwa aliyelaza kidevu kwenye kiatu ndiye yule yule aliyetoa meno mbele ya sahani. Mchanganyiko au asiyechanganyika, mbwa hajulikani kwa ukoo, anajulikana kwa kukaa naye. Wenye kazi ya kuwapatia mbwa nyumba husema siku tatu mbwa ameduwaa, wiki tatu anaanza kujionyesha, miezi mitatu ndipo anapaona ni kwake. Wewe uko wiki ya nne.

Kuhusu kunguruma: mbwa aliyekula kwa kugombania majalalani huona kila anayekaribia ni mpokonyaji. Alichofanya ni kutoa onyo, na alikoma hapo. Usimpige kwa sababu ya kunguruma. Mbwa aliyefundishwa kwa fimbo kwamba kunguruma ni kosa, siku nyingine huuma bila kutoa onyo. Alishwe nyuma ya ule wavu, peke yake, na sahani itolewe akishaondoka. Usitie mkono kwenye chakula chake ili kumzoesha, kama wengi wanavyofanya. Ukitaka aone kwamba mtu akija kunaongezeka badala ya kupungua, simama mbali umtupie kipande kizuri zaidi, kisha ondoka. Mapanki yachambue, ile miiba mikubwa hukwama kooni. Na yule wa miaka mitatu asiachwe peke yake na mbwa, huyu wala yule wa kaka yako. Mtoto wa umri huo hukumbatia shingo, huvuta mkia, na uso wake uko sawasawa na mdomo wa mbwa.

Hayo yote yanawezekana, ila uwe mkweli juu ya nani atayafanya. Wewe unashinda Mwaloni. Atakayekuwa nyumbani kufunga lango la wavu, kuhesabu mtoto yuko wapi na sahani iko wapi, ni mwanamke anayekwenda chooni na mwiko. Ukiamua kubaki na Furu huku kazi ikimwangukia yeye, utakuwa umeamua mara ya pili bila kumuuliza.

Kumrudisha je? Naona unalitazama kama usaliti. Kituo kiliweka wiki nne kwa sababu kinajua nyumba nyingine hazifai. Ukimrudisha, ujasiri wako uwe kusema ukweli wote, pamoja na ule mngurumo, ili nyumba itakayofuata isiwe na mtoto mdogo. Hasara yake ni kwamba hujui nyumba hiyo itapatikana lini, na mbwa mkubwa aliyerudishwa hukaa sana. Unaweza pia kuomba muda zaidi. Waambie hali halisi. Wanaweza kukubali, wanaweza kusema wapo wanaomsubiri. Wapigie kabla ya Jumapili.

Inawezekana pia ukamtafutia nafasi kwenye ghala la mtu unayemwamini huko huko Kirumba, akabaki kuwa mbwa wako wa kazini na injini zikalala huko. Hilo lina mvuto, lakini kamwone mlinzi wa usiku kwanza. Mbwa wengi wa maghala hushinda wamefungwa mnyororo juani na hula kinachobaki. Kama utapita kumlisha mwenyewe kila siku, ni jambo la kufikiria. Kama hutapita, binti ataliona hilo siku atakayokuja kumsalimia.

Kuna njia moja tu ambayo siwezi kuizungumza kwa upole, nayo ni ya Kamanga. Mbwa akitupwa ng'ambo, mwaka ujao hakuna wa kumchanja. Anakuwa mbwa mpita njia kwenye vijiji vyenye watoto wa miaka sita. Na Kamanga, mwanangu, ni Sengerema. Rafiki yako hakujua anachokuambia. Wewe unajua.

Binti naye ana miaka tisa, ataelewa zaidi ya unavyodhani. Lolote mtakaloamua, asisikie "mama hataki." Hiyo sentensi itakaa kati yao miaka mingi. Asikie kutoka kwako kwamba baba alikosea alipomchukua mbwa bila kukaa na mama kwanza. Kisa cha mjomba wake ni cha mama kukisimulia, kwa siku atakayoichagua, au asikisimulie kabisa. Lile kopo usiligeuze kuwa la matumizi mengine. Kama Furu anarudi kituoni, mwachie yeye aamue zile mia mia ziende naye au zibaki.

Usiku wa leo, watoto wakilala, kaa na mkeo ndani, mlango wa uani umefungwa. Usifungue mazungumzo kwa kadi, wala kwa wezi, wala kwa Jumapili. Barua yako imemtaja Furu kwa jina kila mara. Jina la yule mtoto wa Sengerema halimo. Pengine umelificha kwa heshima, nami nakuelewa. Kama hulijui, anzia hapo: muulize mdogo wake alikuwa anaitwa nani, kisha nyamaza umsikilize.